Kamba ya Mbwa Asiyekuwepo

Alikuwa anaogopa paka. Naanza na hilo makusudi, kwa sababu wengi waliomfahamu hawakulijua, na wachache tuliolijua tulimsitiri. Mtu aliyechanja mbwa wa nusu ya Segerea, mtu niliyemwona kwa macho yangu akiwa ameingiza mkono hadi begani ndani ya ng'ombe aliyeshindwa kuzaa huku akimuuliza mwenye ng'ombe habari za watoto, paka akikatiza barazani alikuwa anapandisha miguu yote miwili juu ya kiti na kunyamaza. Ukimuuliza, anajibu kwamba anampisha. "Ana haraka zake yule. Acha apite."

Tulimwita Bwana Mifugo. Jina lake nalijua, lilikuwa limeandikwa kwenye kadi za chanjo kwa mwandiko mzuri wa shule za zamani, lakini mtaani hakuna aliyelitumia, na nikilitumia hapa nitaona kama namzungumzia mtu mwingine. Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, sikuwahi kuuliza. Nilipomfahamu alikuwa ameshastaafu serikalini, anaishi Mtoni, na kila Jumanne na Alhamisi anakuja kwetu Segerea na deli la barafu lenye chanjo begani, mwavuli mweusi, na kikapu chenye nguo za kubadili. Alikuwa akisema atafika saa tatu. Akifika saa sita, anakulaumu wewe kwa kumsubiri. "Nyie hamna kazi za kufanya?"

Ndani ya kikapu kile kulikuwa na kitu kimoja zaidi: kopo la maziwa ya unga lililojaa mchanga safi kutoka Kimbiji, alikokuwa na shamba dogo lililotunzwa na mkewe. Alikuwa Mwislamu wa kuswali swala zote, na kazi yake ilimweka kwenye mate ya mbwa kutwa nzima. Basi akimaliza kushika mbwa anaomba maji, ananawa mara saba, moja kati ya hizo kwa ule mchanga, polepole, midomo ikihesabu, kisha anabadili shati. Sikuwahi kumwona akiruka hata mara moja. Niliwahi kumuuliza, kwa ujinga wangu wa mtu wa bara, kwa nini asingechagua kushughulika na kuku tu. Alinitazama kuanzia usoni mpaka mikononi.

"Mwanangu, kunawa kunanichukua dakika nne. Wewe hizo kucha umepaka kwa dakika ngapi?"

Kuhusu mbwa wenyewe kauli yake ilikuwa moja: "Mie si mpenzi wa mbwa." Aliisema akiingia getini na aliirudia akitoka. Katikati hapo alikuwa anazungumza nao kwa adabu ambayo sisi binadamu hatukuipata. Kila mbwa alimwita mheshimiwa. "Mheshimiwa, naomba mguu. Mheshimiwa, uniwie radhi, itauma kidogo." Wenye mbwa aliwagombeza kama watoto wa darasa la pili. Alimkataza kila mtu sukari, akitaja mpaka majina ya magonjwa, huku anakoroga vijiko vinne kwenye kikombe chake.

Kazi yake nyingine, ambayo hakuna aliyemtuma, ilikuwa kuamua nani apewe mbwa na nani asipewe. Watu wakihama, au mbwa wakizaa kupita kiasi, walimwachia yeye atafute nyumba. Tajiri mmoja wa Mtoni, mwenye magari mawili na ukuta uliopandwa vipande vya chupa, alitaka mbwa mkubwa. Bwana Mifugo alimuuliza swali moja tu: Jumapili chakula cha mbwa anapika nani? Yule bwana akamtazama mkewe, mkewe akamtazama msichana wa kazi, msichana akasema Jumapili yeye huwa hayupo. Bwana Mifugo akachukua mwavuli wake akaondoka. Wiki hiyohiyo mbwa yule alimpa fundi cherehani aliyepanga chumba kimoja, kwa sababu fundi alikaa mlangoni kwake tangu asubuhi mpaka jioni na alikuwa mtu wa kuongea peke yake. Watu walisema mzee amechanganyikiwa. Mbwa yule alinenepa.

Sasa nieleze sisi tuliingiaje mikononi mwake.

Mimi ni karani wa masjala. Mume wangu anafanya kazi Dodoma na nyumbani tunamwona mwisho wa mwezi. Wakati ule binti yetu alikuwa darasa la nne. Na mama yangu mzazi, aliyekuja kutoka Njombe baada ya kuanguka na kupasuliwa nyonga, alikuwa akitembea kwa fimbo, na kutwa alishinda barazani na redio yake.

Jumapili moja tukiwa kanisani waliingia wanaume wawili waliovaa vizibao vya njano vya mafundi. Mama alikuwa barazani peke yake. Walimpa shikamoo. Akaitika marahaba. Wakamwambia nimewatuma mimi, wamekuja kuchukua televisheni ikatengenezwe. Walitoka na televisheni, na mtungi wa gesi, na ile redio. Mmoja wao alirudi kumsogezea kiti chake kivulini. "Akaniambia, pole bibi na jua," mama alituambia tuliporudi.

Televisheni ilinunuliwa nyingine. Kilichoharibika ni mama. Aliacha kukaa barazani. Mchana kutwa alijifungia chumbani, dirisha limefungwa, kwenye joto hili la Dar, mpaka nirudi jioni nimgongee na kutaja jina langu. Hodi ya mtu yeyote hakuijibu. Mwanamke aliyeuza viazi sokoni miaka yote, aliyekuwa na neno la kumrushia kila mpita njia, sasa alikuwa anaogopa salamu. "Mimi ndiye niliyewaitikia," alisema. Nilimwambia mara mia kwamba si kosa lake, na mara mia alikubali, na kesho yake mlango ulikuwa umefungwa palepale.

Ndipo nikaamua tupate mbwa, na si mbwa yeyote. Nilikuwa nimemwona mbwa wa aina ya Boksa kwa mfanyakazi mwenzangu: rangi ya kahawia, kifua kipana, uso mfupi mweusi uliobonyea, mashavu yananing'inia kama ya mtu aliyeghadhibika. Nikasema uso ule peke yake unamrudisha mwizi getini. Mume wangu kwenye simu alisema, "Fanya unavyoona." Nikaanza pale wengi wetu tunapoanzia. Kabla ya mbwa, nikaandikisha getini MBWA MKALI kwa rangi nyekundu. Kisha nikamwita fundi akajenga banda la mabati kule nyuma, lenye mlango na mnyororo, mbwa afungwe mchana na kufunguliwa jioni. Nilijiona nimejiandaa kweli, na nikampigia simu Bwana Mifugo.

Alifika saa saba badala ya saa nne. Alisoma geti, akasonya.

"Boksa unamjua?"

"Namjua kwa sura."

"Hiyo sura wala usiihesabu. Usoni jambazi, moyoni mtoto. Mpaka atimize miaka mitatu, minne, ni mbio tu. Anakusalimia kwa miguu ya mbele, hapa kifuani. Ukimwacha peke yake analia. Ukimfunga anakuwa mwendawazimu. Anakoroma, na mate ndo usiseme. Na pua ile fupi, joto linamtesa kuliko wewe." Akazunguka nyuma, akaliona banda, akafungua mlango. "Ingia."

Nilidhani ananitania. Nilikuwa na sketi ya ofisini.

"Ingia, mwanangu. Shida nini, si umejenga?"

Niliingia. Akafunga mlango kwa nje. Nikamsikia anakwenda dirishani kwa mama na kugonga. "Bi mkubwa! Mwanao nimemfungia bandani. Njoo unipe chai. Hatoki mpaka nimalize kikombe."

Halafu nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu Jumapili ile: mama anacheka. Mlango wa chumba ukafunguliwa, fimbo ikagonga sakafu ya baraza, thermosi ikamiminwa. Nikasikia kijiko kikikoroga, na kukoroga, na kukoroga. Mle ndani mabati yalikuwa yanachoma hata bila kuguswa. Nilivua viatu, nikavaa tena. Niliponyanyua sauti kwamba yatosha, Bwana Mifugo akamuuliza mama habari za mvua za Njombe, na mama, ambaye hakuwa amezungumza na mgeni kwa wiki nzima na zaidi, akamweleza mwaka hadi mwaka.

Nilipotoka, blauzi imeninata mgongoni, alinitazama bila huruma. "Na wewe una pua ndefu. Yeye hana." Banda lile tangu siku hiyo likawa stoo ya mkaa.

Akaniuliza nani anabaki nyumbani mchana. Nikasema mama. "Basi mwenye mbwa ni huyu. Wewe unaomba kwa niaba ya mtu ambaye hujamuuliza." Niliona aibu, kwa sababu ni kweli. Nilikuwa nimeuliza bei ya mabati, nimeuliza rangi ya geti, sikuwa nimemuuliza mama. Mama akasema, "Njombe tulikuwa nao mbwa. Walikaa shambani, hawakuwa wa kunikumbatia." Bwana Mifugo akacheka mpaka akakohoa.

Kisha akauliza nguo zilizoanikwa upande wa pili wa ukuta ni za nani. Nilimwambia ni za jirani, mama mmoja wa Kihindi, Mshia, ambaye familia yake inauza vifaa vya ujenzi. Tulisalimiana getini tu na kupelekeana sahani sikukuu. "Na yeye hujamuuliza," alisema, akaenda mwenyewe kupiga hodi, na huko alikaa muda mrefu kuliko kwetu. Yule mama alitoka naye mpaka kwenye ukuta. "Mbwa wenu sina tatizo naye, mwanangu," aliniambia. "Ila nguo zangu za swala zinakauka hapa. Pandisheni ukuta kozi tatu tu, tutaishi vizuri." Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, nikapewa hesabu ya tofali.

Kabla ya kuondoka Bwana Mifugo alitoa kikapuni kamba ya bluu ya manila yenye kitanzi, na bakuli la bati.

"Mwezi mmoja. Asubuhi kabla jua halijawa kali, na jioni likishapoa, mnatoka na kamba hii mpaka kona na kurudi. Maji kwenye bakuli mnabadilisha mara tatu kwa siku. Mwezi ukiisha tutaongea."

"Na mbwa?"

"Mbwa hayupo."

"Sasa natembeza nini, mzee wangu?"

"Kamba. Ukichoka na kamba ambayo haikuvuti, Boksa utamweza wapi?"

Halafu, akilifunga deli lake bila kututazama, akatuambia kuna Boksa mmoja, dume la miaka miwili. Mwenye mbwa ni mhandisi, anahamia Mwanza kwenye nyumba ya ghorofa mwisho wa mwezi. "Asipopata nyumba, amesema achomwe sindano ya mwisho. Na wa kuichoma ni mie." Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni akisikia yote. Toka dakika ile mbwa yule akawa wetu, hata kama hatukuwa tumemwona.

Wiki ya kwanza nilijitahidi. Nilitoka alfajiri na kamba tupu inaburuta vumbi nyuma yangu. Vijana wa bodaboda pale kona hawakunisamehe. "Sista, mbwa kakutoroka!" "Braza, mpishe, asije akang'ata!" Siku ya nane mvua ilinyesha. Siku ya tisa kichwa kiliniuma. Siku ya kumi niliitupa kamba nyuma ya friji, nikajiambia nitaanza upya Jumatatu. Bwana Mifugo alipopita Alhamisi nilimwambia tunaendelea vizuri sana. Hakuniuliza zaidi. Aliliinamia bakuli, akapitisha kidole chini ya maji, akaniletea kidole hicho mbele ya uso. Kilikuwa na ukoga wa kijani.

"Mheshimiwa amekunywa hiki?"

Nimegombezwa na mabosi wengi maishani, lakini kidole kile sijakisahau.

"Nipe mimi hiyo kamba," mama akasema kutoka kwenye kiti chake. Siku hizo alikuwa ameanza kutoka barazani Jumanne na Alhamisi, kwa sababu ya kumwandalia Bwana Mifugo ndoo ya maji ya kunawia. Mama yangu Mlutheri asiyeyumba, na ndoo aliijaza kamili, na kata akaiweka juu yake, tangu saa tatu, kwa mtu wa saa sita.

"Mama, nyonga!"

"Si amesema haivuti?"

Siku ya kwanza alifika getini akarudi. Ya pili alishika kitasa cha geti. Siku ya nne alikuwa nje, fimbo mkono wa kulia, kamba mkono wa kushoto, amesimama kama mtu anayesubiri mbwa amalize haja yake. Niliwahi kumfuata, akanifukuza, eti namchanganya mbwa. Wiki iliyofuata alifika kwenye genge la nyanya. Kisha kona. Vijana wale wale wa bodaboda walisimama kabisa kumpokea. "Bibi, mbwa hajambo leo?" "Hajambo, ila amewanunia." Watoto wa shule walianza kuivuka kamba kwa kuruka juu sana, wasimkanyage.

Kila aliyepita alimpa shikamoo, na mwanzoni kila shikamoo ilimshtua. Alisimama, akamtazama mtu usoni, ndipo akaitika kwa sauti ya chini. Nilikuwa nasikia yote kupitia dirishani wakati najiandaa kwenda kazini. Asubuhi moja, sikumbuki ilikuwa siku ya ngapi, nikasikia shikamoo ya mtu, na papo hapo, bila kusita, marahaba ya mama: ile ndefu, ya sokoni, yenye "hujambo mwanangu, wazima kwenu?" nyuma yake. Nilikaa kitandani nikalia na kiatu kimoja mguuni. Nilichelewa kazini na sikujali.

Mwezi ulipoisha alimleta Boksa, Jumamosi, kwenye pikapu ya kukodi. Sijawahi kuona kiumbe chenye furaha kama ile. Alishuka kabla gari halijasimama. Alimrukia binti yangu, akamwangusha kitako, akamlamba uso mzima, na binti akapiga kelele za raha. Alizunguka nyumba mara tatu kwa mbio. Alikunywa maji ya bakuli, safi kabisa, mama alikuwa ameyabadilisha muda huo. Kisha akamwona mama barazani na ile kamba mkononi, na akadhani, maskini, ni yake.

Alikwenda moja kwa moja. Akainuka kwa miguu ya nyuma, mzima mzima, urefu wa mtu. Fimbo ikaanguka. Mama akaikumbatia nguzo. Bwana Mifugo, na umri wake ule, alimdaka mbwa mkanda wa shingoni akiwa bado hewani, na makucha yakachora ukuta pembeni ya bega la mama. Mistari ile ipo mpaka leo, sikutaka ipakwe rangi.

Mama hakuanguka. Alivuta pumzi, akasema, "Ana nguvu zangu za zamani huyu."

"Hapana," Bwana Mifugo akasema.

Binti yangu akaanza kulia. Mimi nilikuwa nasubiri nisikitike, lakini nilichosikia mwilini ni kama nimetuliwa ndoo niliyoibeba tangu Jumapili ya wezi. Mwezi mzima nilikuwa nimeogopa na sikujua. Nilikuwa nimetaka mtu mzima aniambie hapana, na sasa amesema.

"Ndani ya miezi miwili tu mngekuwa mmemlaza bi mkubwa hospitali," alimwambia binti yangu kwa upole ambao sikuwahi kuusikia akiutumia kwa mwenye nyumba. "Halafu mngemchukia huyu, na yeye hana kosa. Kasalimia tu."

"Na yeye atakwenda wapi?" mama akauliza.

"Huyo niachie mie."

Alinawa mara saba, akabadili shati, akakataa kuchukua kamba. "Hiyo bado ina kazi hapa." Wakaondoka, mbwa amesimama nyuma ya pikapu, mashavu yanapepea, anatutazama kana kwamba tutamfuata.

Baada ya hapo Bwana Mifugo alikuja mara moja au mbili, kwa haraka, halafu tukasikia amehamia Kimbiji moja kwa moja. Kijana mwingine akashika kazi ya chanjo, mzuri tu, anayefika saa aliyosema. Wezi hawakurudi. Sijui kama waliogopa maandishi ya getini, au bibi aliyekaa barazani anayemjua kila mpita njia, au jirani yetu, ambaye tangu ile siku ya ukuta alizoea kuja saa nne kunywa chai na mama. Mama aliendelea kutembeza kamba kila asubuhi. Daktari wa nyonga alimsifu, mama akamwambia anamsifu bure, ni kwa sababu ya mbwa.

Lakini jambo moja lilibaki. Kila baada ya siku kadhaa mama alikuwa anasema, akining'iniza kamba msumarini, "Sijui yule alilala wapi." Na mimi nilijifanya natafuta funguo. Namba ya simu ya Bwana Mifugo ilikuwa kwenye kadi. Ningeweza kupiga. Wa kuichoma ni mie, alisema, na niliogopa aniambie ameichoma. Afueni niliyoipata Jumamosi ile nilijua imelipiwa na mtu, na nikachagua kutomjua ni nani. Miaka saba nikachagua hivyo.

Mwaka huu mama alisema anataka kurudisha kamba ya watu. Amepita themanini sasa, na akisema jambo halijadiliwi. Tulikodi gari, mimi, mama na binti yangu, tukavuka kwenda Kigamboni na kuendelea mpaka Kimbiji, barabara inatutupa huku na kule, mama ameshika nyonga kwa mkono mmoja na pochi kwa mwingine.

Bwana Mifugo alikuwa amekaa nje kwenye kiti cha plastiki, macho yameingia ukungu, miguu yote miwili juu ya kiti. Chini yake walikuwa wamelala paka watatu.

"Nawapisha," alisema, kabla sijauliza. "Wa mke wangu hawa."

"Shikamoo, Bwana Mifugo."

"Marahaba. Wa Segerea. Umetoka bandani?"

Mkewe, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, alitusalimia, akatuletea chai, akarudi jikoni. Bwana Mifugo akatia vijiko vinne vya sukari, kama zamani, na safari hii akanitilia na mimi bila kuniuliza. Sikuweza kuinywa. Mama alizungumza naye habari za magoti. Nilikishika kikombe mpaka nikaona nikikaa kimya zaidi nitarudi nyumbani na jambo lile lile nililokuja nalo.

"Mzee wangu, yule Boksa ulimchoma?"

Aligeuzia uso wake kwenye sauti yangu. "Miaka saba umekaa na hilo?"

"Ndiyo."

"Pole, mwanangu. Ungepiga simu." Akakiweka kikombe chini ya kiti, karibu na paka, akakumbuka, akakichukua haraka. "Hakuna nyumba iliyofaulu. Nilipita tano baada yenu. Siku ya mwisho nikaja naye huku, sindano imo ndani ya deli. Njiani nikawaza, kuna upepo wa bahari, kuna nafasi, nimfuge mwenyewe. Nikamwambia mke wangu. Unajua alichonijibu?"

"Nikamuuliza kamba iko wapi!" sauti ikatoka jikoni.

"Akakata kamba ya nguo akanipa. Mwezi mzima, asubuhi na jioni. Mbwa mwenyewe anatembezwa na yeye huyo, na mie nyuma yao nimeshika kamba tupu. Kimbiji nzima walitoka kunitazama."

Mama alikuwa ameshaziba mdomo kwa kanga. "Ukafaulu?" akauliza.

"Siku ya tisa nilijifanya naumwa."

"Ya sita!" ikasema jikoni. "Na bakuli lilikuwa na ukoga!"

"Ya sita," alikubali. "Nilifeli, bi mkubwa. Aliyefaulu ni yeye, kwa hiyo mbwa ni wake. Mie si mpenzi wa mbwa."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na yalipotoka hayakuwa ya kicheko peke yake. Bwana Mifugo aliniacha nimalize. Mkewe alitoka jikoni, akaenda mpaka nje ya ua, kwenye kibanda cha makuti kisicho na kuta, kilichojengwa uelekeo wa upepo. Pembeni yake kulikuwa na pipa la maji na rundo dogo la mchanga safi. Akaita mara moja.

Alikuja polepole. Uso ule mweusi ulikuwa umejaa mvi, miguu ya nyuma imekakamaa, mashavu yananing'inia zaidi ya zamani. Alitupita mimi na binti yangu, ambaye sasa yuko kidato cha nne na alikuwa tayari amepiga magoti kumpokea, akaenda kwa mama. Niliinuka kwa mazoea ili nimshike mama. "Kaa," Bwana Mifugo akaniambia. Mbwa aliinua mguu mmoja wa mbele, akaushikilia hewani kidogo, akafikiri, akaurudisha chini. Kisha akaweka kidevu chake, na mate yake yote, juu ya kiatu cha mama.

"Marahaba," mama akamwambia. "Hujambo, mwanangu?"

Akafungua pochi akatoa kamba. Ilikuwa imepauka, bluu imebaki kwenye mafundo tu. Alimwomba mwenye mbwa ruhusa, akapewa, akamvisha kitanzi shingoni. Wakaondoka wawili, fimbo upande huu na mbwa upande ule, kuelekea mwisho wa shamba. Walisimama kila mmoja alipotaka kusimama. Nilikunywa chai yangu, imeshapoa, tamu kupita kiasi, mpaka mwisho.

"Anamvuta?" Bwana Mifugo akaniuliza, macho yake yakitafuta kule walikokwenda.

"Hamvuti. Kamba imelegea."

"Basi sasa angewafaa," alisema, akashusha miguu yake chini taratibu, paka wakiwa palepale.